Swali la Tatu

Mhadhiri wa mekanika alizoea kukiita kituo chetu cha msaada wa masomo hospitali ya wavivu. Alilisema hilo darasani, na wanafunzi wake wakaja kuniambia huku wakicheka, ingawa wengi wao ndio waliokuwa wagonjwa wenyewe. Nami nilicheka. Wakati ule nilidhani maneno ya mzee yule ni kero tu, kama mvua ya manyunyu, hayawezi kumvunja mtu.

Kituo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya maabara, zamani stoo ya viti vibovu. Chuo chetu kiko mlimani, mbali kidogo na mji wa Lushoto, na kuanzia Juni ukungu ulipanda kutoka bondeni ukatuingilia mpaka ndani. Wanafunzi waliotoka Pwani walikuja wamejitanda mablanketi ya bwenini. Tulikuwa na meza saba, ubao mweupe, kabati la chuma lenye kufuli, na chupa kubwa ya chai ya tangawizi niliyoijaza mwenyewe kila asubuhi. Cheo changu kiliitwa mratibu msaidizi. Maana yake nilipanga ratiba, nikachagua wanafunzi wa miaka ya juu wa kuwasaidia wa miaka ya chini katika sayansi na uhandisi, nikaandika mahudhurio, na jioni nikafuta ubao. Mkuu wa kituo alikuwa dokta wa kemia mwenye vyeo vingine viwili. Kwetu alionekana siku za Alhamisi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha hisabati miaka kumi na miwili katika sekondari ya kata, kijijini kwetu Malindi, ile ya huku milimani, si ya Pwani. Niliwajua watoto waliokuwa wakitujia. Walifika na alama nzuri za kidato cha sita, wamebebwa na maombi ya ukoo mzima, halafu ndani ya muhula wa kwanza wakapigwa mweleka na somo moja. Si kwamba hawakuwa na akili. Walikuwa wamefundishwa kukariri, na sasa walitakiwa kuona.

Binti ninayetaka kumsimulia naye alikuja hivyo. Mwaka wa kwanza alifeli jaribio la mekanika vibaya sana, akaja kituoni na karatasi yake ameikunja mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kiberiti. Alitoka kijiji kimoja chini ya Bumbuli. Baba yake alikuwa mkulima na mzee wa kanisa la Kilutheri, mama yake mchuma chai. Hakuwa msemaji. Alikaa kiti cha dirishani na kila siku aliuliza swali moja tu: kwa nini? Msaidizi niliyempangia, kijana wa mwaka wa nne, alikuja kunilalamikia.

"Madam, yule dada ananichosha. Nikimpa fomula anataka kumjua na aliyeizaa."

Alipofika mwaka wa tatu alikuwa hana mpinzani katika uhandisi wa ujenzi, nami nikamfanya msaidizi. Siku yake ya kwanza hakugusa ubao. Alitoka nje, akarudi na ubao mrefu wa mkaratusi na matofali mawili. Akaulaza ubao juu ya matofali, ncha moja akaiacha ikitokeza hewani, kisha akamwita kijana mmoja mnene aliyekuja kutoka Tanga.

"Simama hapa katikati. Haya, nani anambeba?"

"Tofali zote mbili," wakajibu.

"Sasa kaka, tembea. Polepole. Endelea. Endelea tu, usiogope."

Kijana akapita juu ya tofali la pili, akaingia kwenye ile sehemu iliyotokeza. Ubao ukabinuka, akaruka chini nusura aidondoshe chupa yangu ya chai. Wakacheka mpaka wa maabara wakaja kuchungulia. Yeye hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Tofali la kwanza lilikuwa linafanya nini kabla ubao haujabinuka? Lilikuwa linabeba au lilikuwa linavuta?"

Wakainama kulitazama lile tofali. Nilisimama pale na daftari la mahudhurio mkononi, mwalimu wa miaka kumi na miwili, nikajiuliza kwa nini mimi sikuwahi kubeba ubao na matofali kuingia nayo darasani.

Alifundisha kwa Kiswahili. Pale jambo lilipokataa alitia Kishambaa kwa wale waliokijua, na mwisho kabisa alisema, "Haya, mtihani utaliandika hivi," akaliweka kwa Kiingereza. Wavivu halisi aliwachukia. Mtu akija kutafuta majibu tu alimfukuza. "Desa unalo bwenini," alimwambia, akimaanisha yale makaratasi ya mhadhiri yaliyotolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimekufa. "Kalale nalo. Huku tunafikiri."

Nilimpenda. Nalisema hilo mapema ili ijulikane. Sina mtoto wa kike. Mbele za watu aliniita Madam, tukibaki wawili aliniita Mama. Akitoka kwao alinibebea mafyulisi ndani ya kikapu, mengine yamepondeka kwa safari, na tuliyala kwanza hayo yaliyopondeka.

Muhula wa pili wa mwaka ule alikuja mezani kwangu akaniuliza kama ile mitihani ya zamani iliyo kabatini inaweza kutazamwa. Ilikuwepo tangu kabla yangu. Idara ilikuwa imeileta kwa ajili ya kituo, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Haikuwa siri. Nilichukua ufunguo, nikamfungulia, nikatoa jalada la mekanika na kulipangusa vumbi kwa ukingo wa mtandio wangu.

Alikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu akaniita.

"Mama, njoo uone kitu."

Alikuwa amezipanga karatasi mezani, moja chini ya nyingine. Akaweka kidole kwenye mchoro wa boriti iliyoegemezwa sehemu mbili, ncha moja imetokeza nje.

"Hii ni ya mwaka juzi. Hii ya mwaka uliotangulia. Hii ya nyuma yake. Tazama namba."

Nikatazama. Namba zilikuwa zilezile. Uzito uleule, urefu uleule. Hata kosa la herufi kwenye neno moja la Kiingereza lilikuwa lilelile.

"Yule mzee ana maswali kama kumi na tano hivi," akasema. "Anayazungusha tu. Hii boriti ndiyo anayoipenda zaidi."

Tukacheka. Mimi nilicheka mpaka nikajifuta machozi, nikasema, "Kumbe mvivu wa hospitali hii ni daktari mwenyewe." Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Lakini Mama, wanafeli hata hivyo. Kila mwaka swali moja, na kila mwaka wanafeli. Hawajui ubao unabinuka kwa nini."

Akawaandalia wa mwaka wa kwanza karatasi ya mazoezi yenye maswali kumi. Boriti ile aliiweka ya saba. Nilimwambia abadilishe namba. Akasema atazibadilisha kwenye mengine, ila hili aliache lilivyo, maana anataka wakajilinganishe na karatasi ya zamani wakitaka. Sikubisha. Nikaitoa kopi kwenye mashine ya ofisi, ikiwa na jina la kituo juu na mwandiko wake chini. Jumamosi kabla ya mtihani chumba kilijaa. Waliokosa nafasi walisimama nje, wakainamia madirishani. Alifundisha kuanzia asubuhi hadi adhana ya alasiri ikasikika kutoka bondeni, na sauti ikamkauka.

Mtihani ulipotoka, boriti ilikuwa swali la tatu. Wanafunzi walitoka ukumbini wakipiga kelele kama watu waliotoka uwanjani. "La tatu! La tatu!" Kijana yule mnene alimbeba binti juu juu, naye akimpiga mgongoni amshushe. Nilisimama mlangoni pa kituo nikipiga makofi. Picha hiyo ningependa iishie hapo.

Mhadhiri hakukasirishwa na kufaulu kwao. Alikasirishwa na jinsi walivyofaulu. Darasa zima lilikuwa limelianza swali kutoka upande ule uliotokeza, kwa njia fupi ambayo yeye hakuwahi kuifundisha. Akaulizia. Mtu akampa karatasi yetu ya mazoezi. Kwake mambo yakawa wazi: swali lake, namba zake, kwenye karatasi ya mwanafunzi, siku mbili kabla ya mtihani. Akaandika barua kwamba mtihani umeibwa.

Nilipoisikia habari hiyo sikuogopa hata kidogo. Nilijua jibu liko kabatini. Nilikwenda kulichukua jalada nimpelekee mkuu wa kituo, nikakuta kabati liko wazi na nafasi ya jalada ni tupu. Haikuwa Alhamisi, lakini mkuu alikuwa ofisini kwake, na jalada lilikuwa mezani mbele yake, chini ya mkono wake.

"Karibu, dada. Kaa. Nimelichukua kwa usalama," akasema, akanimiminia chai.

Hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa na nafuu leo kama angekuwa mbaya. Aliongea nami taratibu kama anavyoongea mtu na mgonjwa. Alisema ameziona karatasi, na amelielewa jambo lote, na amesikitika. Lakini wakaguzi wa ubora wanakuja mwezi unaofuata. Ikitamkwa kwenye kikao cha nidhamu kwamba idara imekuwa ikirudia mtihani mmoja miaka yote hii, si mhadhiri tu atakayeulizwa. Mtihani utafutwa, darasa zima litarudia, shahada za waliokwisha kuondoka zitatiliwa shaka, na kitu cha kwanza kufungwa kitakuwa kituo.

"Na yule mtoto?" nikauliza.

"Yule atapewa onyo. Ni msichana mwenye nidhamu, hana kesi nyingine. Onyo la maandishi, basi." Akasogeza kikombe karibu yangu. "Wewe jibu unachoulizwa. Usiongeze. Na mkataba wako nimeshaupendekeza, usiwe na wasiwasi."

Mkataba sikuwa nimeutaja. Ulikuwa unaisha mwezi ule. Nilikunywa ile chai yote.

Kikao kilikuwa cha watu watano kwenye meza ndefu ya mninga. Mhadhiri alikaa pembeni, tai imembana, mikono ikimtetemeka kidogo kwa uzee. Binti aliketi kwenye kiti cha peke yake katikati ya chumba, na sketi yake ya kanisani. Niliingizwa mwishoni, kama shahidi wa kituo.

Mwenyekiti aliuliza kama karatasi ya mazoezi ilikuwa na idhini ya maandishi. Nikasema haikuwa nayo. Hiyo ilikuwa kweli, maana hakuna karatasi yetu hata moja iliyowahi kuwa nayo. Akauliza kama kituo kinalo jalada la mitihani ya zamani ya somo hilo. Nikasema kwa sasa jalada haliko kituoni. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Mkuu wa kituo, aliyekaa wa tatu kutoka kushoto, alikuwa anaandika kitu.

Ndipo binti akasema, bila kupewa ruhusa, "Madam ndiye aliyenifungulia kabati. Tuliziona pamoja. Madam, waambie."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ulimfungulia kabati?"

"Nilimfungulia."

"Zilikuwemo karatasi za mekanika?"

"Zilikuwemo karatasi nyingi."

"Swali hili hasa, mama, lilikuwemo?"

Nimeshakirudia kipindi hicho mara nyingi kichwani, na kila mara nakiona kirefu kuliko kilivyokuwa. Dirisha lilikuwa limefunguliwa. Nje kulikuwa na mtu anafyeka majani. Binti alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote, kwa uso wa mtu anayemngoja mwenzake amalizie sentensi waliyoianza wote.

"Sikumbuki," nikasema.

Hakulia wala hakupayuka. Aliendelea kunitazama tu, halafu akayashusha macho kwenye mikono yake, na hakuyainua tena mpaka nilipotoka.

Halikuwa onyo. Walimsimamisha masomo mwaka mzima kwa kosa la kuvujisha mtihani, na barua ikatumwa kwao nyumbani. Mtihani wenyewe haukufutwa, kwani kuufuta kungeleta maneno. Wale wote waliofaulu kwa mafunzo yake walibaki na alama zao, yule wa Tanga akiwemo. Baadhi yao walikuja kituoni kuniuliza kama wanaweza kuandika barua ya kumtetea. Nikawaambia wangoje hasira ziishe. Walingoja, kama nilivyowaambia. Wakaenda likizo.

Nilimfuata mkuu wa kituo. "Ulisema onyo."

"Na mimi niliambiwa onyo," akajibu, na nadhani alikuwa anasema kweli. "Mwaka ni kitu gani, dada? Atarudi."

Siku ya kuondoka binti alipita kituoni kurudisha kalamu za ubao na daftari la vipindi. Nilikuwa peke yangu. Alivipanga mezani kimoja kimoja.

"Madam," akasema. Tulikuwa wawili tu, na alisema Madam. "Ulisahau kweli?"

Ningeweza kumjibu. Badala yake nikatoa maneno ambayo watu wazima huyaweka akiba kwa siku kama hizo. "Mambo ya ofisi ni magumu, binti yangu."

"Mimi nina baba na mama," akasema. "Usiniite binti yako."

Akachukua begi lake akaenda zake stendi.

Nilikaa na neno hilo wiki tatu. Wakaguzi walikuja, wakanywa soda, wakakisifu kituo kwa mahudhurio mazuri. Mkataba wangu ukasainiwa. Jumamosi moja nikapanda gari ya Bumbuli, nikashuka pale nilipoelekezwa, nikateremka kwa miguu kati ya mashamba ya chai hadi nyumbani kwao. Nilikuwa nimebeba sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda msibani.

Baba yake alikuwa uani anapukuchua mahindi. Alisimama aliponiona, akajifuta mikono. Mzee mrefu, mkavu, koti limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Onga mshi," akanisalimu kwa Kishambaa. "Karibu, karibu mgeni." Nilipojieleza natoka chuoni, akainama kidogo, akanipa kiti chake na yeye akakaa juu ya gunia. Akamwita mkewe alete uji. Binti hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa shangazi yake huko Mombo, akasema, na hakusema atarudi lini.

Kisha akaanza kuniomba msamaha. Hilo sikulitegemea. Alisema wao si watu wa wizi, hajui mtoto ameitoa wapi tabia hiyo, labda ni tamaa ya kusifiwa. Alisema baada ya barua kusomwa alikwenda kwa mchungaji mwenyewe akaomba apumzishwe uzee wa kanisa, maana mtu asiyeweza kuiongoza nyumba yake atawaongozaje wengine? Alisema mtoto aliapa hakuiba, akaapa kwa Biblia, "lakini mama, chuo kizima na wasomi wake watano hakiwezi kukaa kikasema uongo. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, kama huna kosa, kwa nini walimu wako hawakusema?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Hakusogea.

"Baba," nikasema, "mtoto hakuiba."

Nikamweleza yote: kabati, jalada, boriti, kicheko chetu, chai ya mkuu wa kituo, na neno nililolisema. Nilieleza kwa Kishambaa, kwa sababu kwa Kiswahili ilikuwa inasikika kama taarifa ya ofisi. Alisikiliza akiwa ameshika hindi moja, bila kulipukuchua.

Nilipomaliza akauliza, "Haya umewaambia wakubwa wako?"

"Bado."

"Ulipoulizwa hukuwaambia."

"Sikuwaambia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi umekuja kuniambia mimi, nisiye na muhuri."

Mkewe akarudi ndani na ule uji. Ndiyo adhabu pekee niliyopewa katika nyumba ile. Mzee alinisindikiza hadi barabarani, kwa kuwa mgeni husindikizwa, akabeba na mkoba wangu. Tulipofika juu alinikabidhi mkoba, akasema, "Hongea, asante kwa kuja," akageuka. Nilimtazama akiteremka, na mara moja nikamwona amesimama katikati ya chai, ameshika kiuno, kama aliyesahau anakokwenda. Nilielewa kwamba nimemwongezea mzigo. Kabla yangu alikuwa na mtoto mwizi. Sasa alikuwa na mtoto aliyesema kweli na baba aliyekataa kumsikia.

Jumatatu yake niliandika barua kwa mwenyekiti wa kikao. Niliandika kwamba nilipoulizwa nilikumbuka, na bado nakumbuka, na jalada analo mkuu wa kituo. Niliipeleka kwa mkono. Nilitegemea dunia ianguke. Baada ya muda nikajibiwa kwa mistari miwili: barua yako imepokelewa na kuwekwa kwenye kumbukumbu, shauri husika lilikwishafungwa. Mkuu wa kituo hakunigombeza. Alhamisi iliyofuata alikuja kama kawaida, akaniuliza habari za nyumbani, akasaini daftari. Jalada halikurudi. Badala yake ukabandikwa waraka mlangoni kwamba ni marufuku kwa kituo kutunza mitihani iliyopita.

Watu wengine wakidhulumu hupata shida, na shida ile huwasaidia kujiona wamelipa. Mimi sikupata hata shida. Mhadhiri alistaafu kwa heshima, akaagwa kwa keki na hotuba, na katika hotuba yake alinitaja mimi kwa jina kuwa ni mfanyakazi mwaminifu. Watu walinipigia makofi. Mwaka uliofuata niliondolewa neno "msaidizi" kwenye cheo, nikawa mratibu.

Mwaka wa adhabu ulipokwisha nilimwandikia binti ujumbe kwenye simu, nikamwambia nafasi yake ipo, arudi. Hakujibu. Nikaandika tena. Muhula ukaanza bila yeye. Chumba kilikuwa na wasaidizi wapya, vijana wazuri tu, wanaoandika fomula ubaoni na kuzisoma kwa sauti. Wanafunzi wananakili. Ule ubao wa mkaratusi mtu aliuchukua akaufanya rafu ya vitabu.

Nilimwona Mombo, nilipokuwa nimeshuka kwenda kumpokea ndugu yangu aliyetoka Moshi. Basi lilichelewa. Joto la kule chini lilikuwa limenielemea, nikatafuta kivuli nyuma ya maduka ya barabara kuu, nikasikia sauti. Ilikuwa banda la mabati lisilo na ukuta wa mbele. Ndani walikuwa wanafunzi wa sekondari kama ishirini, wamebanana kwenye mabenchi, na yeye mbele yao amekunja mikono ya shati. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele kazifunga kitambaa. Alikuwa anawafundisha jinsi nguvu inavyobinua kitu kwa kutumia mizani ya muuza vitunguu, na muuza vitunguu mwenyewe alikuwa amesimama pembeni akingoja arudishiwe mizani yake, naye anasikiliza.

Aliponiona hakushtuka. Akawapa zoezi, akaja hadi ukingoni mwa banda.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Nikamuuliza kama alipata ujumbe wangu. Akasema aliupata. Nikamuuliza atarudi lini, maana kiti chake kipo na miaka haimngoji mtu. Malori yalikuwa yanapita, ikabidi nirudie maneno kwa sauti kubwa, na niliposikia sauti yangu inapaza habari za kiti, nikaona aibu.

"Nikirudi," akasema, "itabidi nirudie lile somo la mekanika. Wameniandikia hivyo, ndiyo sehemu ya adhabu. Yule mzee ameondoka lakini maswali yake ameyaacha, rafiki zangu wameniambia. Nitaingia ukumbini, nitaikuta ile boriti. Nifanye nini, Madam? Nijibu, waseme nimeiba tena? Au nijifanye silijui?"

Nikalikwepa swali lake.

"Na baba yako?"

"Alikuja," akasema. "Alikaa pale." Akaonyesha benchi la nyuma kwa kidevu. "Alikaa kipindi kizima, hajui hesabu hata kidogo. Akaondoka."

"Hakusema kitu?"

"Aliniambia nimekonda."

Akatabasamu kidogo, si kwa ajili yangu. Nikafungua mdomo niseme lile neno nililolibeba miezi yote ile: nisamehe. Akainua kiganja, taratibu, kama anavyomzuia mwanafunzi anayetaka kujibu kabla ya kufikiri.

"Usiseme, Madam. Ukisema itabidi nikujibu, na mimi nina kipindi."

Akarudi ndani. Nilikuwa bado sijageuka vizuri, nikamsikia msichana wa benchi la mbele akimuuliza, "Mwalimu, yule ni nani?"

"Mtu wa huko juu," akasema. "Haya, nani amepata jibu?"

Mikono ikanyooshwa. Basi la Moshi likaingia, nikaenda kumpokea ndugu yangu. Alikuwa na mizigo mingi na alizungumza njia nzima, kona baada ya kona, mpaka baridi ikaanza kutuingia madirishani. Aliniuliza kazi inaendaje. Nikamwambia inaendelea vizuri.